Ubingwa wa Gitaa Si Mbio

Leo naomba mnistahimilie. Najua baadhi yenu mkiliona neno roki mtaufunua ukurasa wa pili na kusema, "Mzee huyu naye kapatwa na nini?" Mimi ni mtu wa mashairi. Nililelewa chuoni, kwa mwalimu aliyekuwa na bakora na subira kwa kipimo kimoja, na muziki niliokua nao ni ule wa udi na fidla uliokuwa ukiruka kuta za jirani usiku wa harusi. Juu ya suala la muziki na dini maulamaa wetu wana kauli zao, nami si mtu wa kuingia mahala ambapo elimu yangu haifiki. Ninalotaka kulisema ni jambo la hukumu: namna tunavyompima fundi, na hasara tunayoipata tunapompima kwa kipimo kibovu. Mfano wangu ni wapigaji gitaa wa roki, kwa sababu ni hao walionisuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa niwe mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya vijana wapigaji gitaa hapa Mombasa. Mwishoni walibaki wawili. Wa kwanza vidole vyake vilikwenda kama sindano ya cherehani, juu chini, chini juu, na ukumbi mzima ukaripuka kwa vifijo. Wa pili alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya. Alipiga noti chache, akaziacha zikae hewani, akanyamaza kidogo, kisha akapiga nyingine. Watu wakawa kimya. Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ni uchovu. Wenzangu wawili walikuwa wamegawanyika, basi kura yangu ndiyo iliyokata shauri, nami nikampa yule wa mbio.

La ajabu ni kwamba hivi leo mahadhi ya yule mshindi siyakumbuki hata kidogo. Ya yule aliyeshindwa ninayo. Naweza kuyavumisha mdomoni sasa hivi ninapoandika.

Nilipomsimulia mpwa wangu, ambaye ni mshabiki mkubwa wa roki nzito, ile iitwayo metali, alitikisa kichwa. "Mjomba," akaniambia, "kwa hukumu hiyo, wewe ungemwangusha hata Tony Iommi." Nikamwuliza Iommi ni nani. Hakunijibu kwa maneno. Akatoa simu yake, akanitia visikizio masikioni, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa kusoma kwangu upya, na mvi zangu hizi.

Tony Iommi alizaliwa mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1948. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kufanyia kazi mabati. Siku hiyo ilikuwa ndiyo ya mwisho kazini, kwa kuwa alikuwa amepata bendi ya kusafiri nayo. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Mtu mwingine angalisema heri ni mkono wa kulia, kwani Iommi ni wa kushoto. Lakini mpigaji wa kushoto hubana nyuzi kwa mkono wa kulia! Vidole vile ndivyo vilivyokuwa riziki yake. Aliambiwa kwamba gitaa basi tena.

Msimamizi wake wa kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Huyu Django aliungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikafa ganzi, na hata hivyo akawa bingwa wa Ulaya nzima. Iommi aliposikia, akaondoka kitandani kwa majonzi yake. Akachukua chupa ya plastiki, akaiyeyusha, akaifinyanga mfano wa kastabani ya mshonaji, akaitia ncha ya ngozi aliyoikata katika koti kuukuu. Nyuzi za kawaida zikamuumiza, akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye akazilegeza, hata sauti ikashuka ikawa nzito kama ngurumo ya mawimbi ya kusi. Katika sahani waliyoitoa mwaka 1971 amezishusha zaidi ya ilivyokuwa desturi, na sauti hiyo leo inaigwa ulimwenguni kote.

Bendi yake iliitwa Black Sabbath. Jina hilo mimi sikulipenda, nalo limetokana na sinema ya kuogofya ya mwaka 1963. Lakini nilipousikiliza wimbo wa kwanza wa sahani yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1970, nilistaajabu. Kipande cha gitaa kinachoubeba wimbo huo kina noti tatu tu. Tatu, bwana! Nazo zinakwenda polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani. Mtoto aliyeshika gitaa wiki moja aweza kuzipiga. Lakini aliyezizua ni mmoja, na kabla yake hapakuwa na mwingine.

Tarehe 5 Julai, 2025, bendi hiyo ilipiga mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, huko huko Birmingham, wote wanne wa asili wakiwa pamoja. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, alifariki tarehe 22 ya mwezi uo huo. Siku ile ya uwanjani walihudhuria Metallica, walihudhuria Slayer, watu ambao kwa mbio za vidole wangemwacha Iommi nyuma kama jahazi linavyouacha mtumbwi. Wote walikuja kutoa heshima kwa mzee wa miaka 77 mwenye vidole vya bandia. Kama ubingwa ungekuwa mbio, basi wangemwita yeye aje kwao.

Sasa asije mtu akadhani ninasema kwamba mbio ni kosa. La. Haraka haraka haina baraka ikiwa ni haraka ya pupa, lakini kuna haraka ya fundi. Tena wengine mtafurahi kusikia kwamba haraka ya gitaa la roki ina damu ya udi ndani yake. Alikuwako Marekani mtu aitwaye Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937, baba yake akiwa wa asili ya Lebanon. Ami yake alimfundisha udi na tarabaki. Kijana alipokuja kushika gitaa la umeme, mkono wake ukaufuata mkono wa udi, ule wa kupiga uzi chini na juu bila kupumzika, na mwaka 1962 akatoa Misirlou, mahadhi ya kale ya mashariki ya bahari ya Mediterania. Mbio zile hakuzifanya ili ahesabiwe noti. Alikuwa akiwatafutia vijana wa pwani ya California sauti inayofanana na wimbi wanaloliteleza kwa ubao. Mbio zilikuwa na kazi.

Vivyo hivyo Eddie Van Halen, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1955 na kufariki mwaka 2020. Mwaka 1978 alitoa kipande kiitwacho Eruption, hakifiki hata dakika mbili, akitumia vidole vya mikono yote miwili kugongea nyuzi shingoni mwa gitaa. Vijana wa dunia nzima wakakaa vyumbani kumwiga. Msomaji asemaye kwamba yeye hajapata kumsikia, amemsikia bila kujua: gitaa linalolia katikati ya Beat It, wimbo wa Michael Jackson wa mwaka 1982, ni lake, na hakutaka malipo. Ukilisikiliza vizuri utatambua kwamba zile mbio zina mwanzo, zina mahala zinapokwenda, na zina kituo. Ni maneno ya mtu mwenye ulimi mwepesi, lakini ni maneno. Wale waliomwiga wengi wao waliuchukua wepesi wa ulimi, maneno wakayaacha.

Hapo ndipo penye siri, kwa kadiri ya fahamu yangu: je, mtu huyu ana neno la kusema, na neno hilo ni lake? Mtazameni Jimi Hendrix. Alizaliwa Seattle mwaka 1942, akafariki London mwaka 1970 akiwa na miaka 27 tu. Naye alikuwa wa kushoto, akilipindua gitaa la watu wa kulia juu chini. Asubuhi moja ya Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock, alipiga wimbo wa taifa lake, Marekani, kwa gitaa peke yake. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na yeye mwenyewe alipata kuwa askari wa kuruka kwa mwavuli. Mahadhi yale kila Mmarekani aliyajua tangu utotoni. Lakini gitaa lilipofika penye maneno ya roketi na mabomu, likalia kama ndege za vita, likapiga yowe kama watu wanaoungua, kisha likarudi katika wimbo. Hakutamka neno hata moja. Watu wangali wanabishana hata leo kama ilikuwa ni dua au lawama. Mpigaji wa mbio tupu hajapata kuachia watu ubishi wa namna hiyo.

Tena kuna adabu ya kujua mahala pako. Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, hakuimba peke yake katika bendi ya Queen. Ubavuni mwake alikuwa Brian May, aliyeanza kulitengeneza gitaa lake mwaka 1963 pamoja na baba yake, kwa mbao za meko ya zamani, na aliyelipiga kwa sarafu. Sikilizeni Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975. May anamngoja mwimbaji. Anapoingia, anaingia kama mtu aliyekaribishwa, anasema lake kwa mahadhi ambayo waweza kuyaimba, kisha anatoka. Sisi tuliokulia kwenye taarabu twaijua adabu hiyo. Mpiga udi anayemfunika mwimbaji, hata awe fundi wa namna gani, wazee walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Nami ndiye niliyepaswa kuyajua haya kabla ya kuambiwa. Katika ushairi nimeona mara ngapi mtu akatimiza mizani yote, vina vikalingana kama meno ya kitana, na shairi likawa kavu kama kifuu? Nimewakemea vijana kwa ajili hiyo katika magazeti. Tena chuoni mwalimu wetu alikuwa akimrudisha mwanzo mwanafunzi akimbiliaye kumaliza. Silinganishi kisomo na gitaa, hasha! Nasema tu kwamba sikio langu lilifundwa mapema, na siku lilipohitajiwa nikaliacha nyumbani, nikahukumu kwa vifijo vya watu. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nikalipa kikombe.

Mwezi uliopita nilikutana na yule kijana mwembamba kwenye feri ya Likoni. Sasa ni mtu mzima, ana mzigo wa vyombo vya plastiki anavyovitembeza. Nikamsalimu, nikamwuliza gitaa. Akasema ameliuza, zamani. Nikamwambia kwamba nilikosea siku ile, kwamba nyimbo yake ninayo mpaka leo. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hakuna neno, mzee. Ila uliponipa mkono hukunitazama." Feri ikafika ng'ambo, watu wakasukumana, naye akatoweka na mzigo wake.

Nimekuwa nikiyafikiri maneno hayo. Iommi alipokatwa vidole, mtu mmoja wa kiwandani alimletea sahani ya santuri. Ni jambo dogo, na mtu huyo hakuwa mwanamuziki mashuhuri, lakini alimtazama mwenziwe akaona kilichobaki badala ya kilichopungua. Mimi nilikuwa mwamuzi, nimekalia kiti cha mbele, na nilichokiona ni upungufu wa mbio. Je, ni vijana wangapi wa udi, wa gitaa, wa fidla na wa kalamu tuliowarudisha nyumbani hivi, hapa kwetu pwani, kwa sababu ukumbi haukupiga makofi?

Basi nawaomba waandalizi wa mashindano, walimu, na wazazi wenye watoto wanaogonga meza kwa vidole wakati wa chakula. Msiulize kwanza mtoto anapiga noti ngapi kwa pumzi moja. Mngojeni amalize, nendeni nyumbani, mlale. Asubuhi mkiamka mjiulize ni kipi kilichobaki sikioni. Kilichobaki ndicho kipeni kikombe. Na yule bwana wa feri, iwapo mtu atamsomea ukurasa huu, ajue kwamba nina gitaa moja nyumbani kwangu, la mpwa wangu aliyehamia ng'ambo, limekaa bila mwenyewe, na mlango hauna komeo.

Nafunga kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yangu:

Mbio za vidole vyako, si hoja kuzihesabu,
Tupe la moyoni mwako, lije japo kwa taabu,
Uzi mmoja ni wako, uupige kwa adabu,
Sauti isiyo yako, haidumu sikioni.