Ukiweka tumbawe nyuma ya kioo, pima maji yake

Kazi yangu ni kuhudumia matangi ya maji chumvi katika hoteli na ofisi za Mombasa na Nairobi, na karibu kila mwenye tangi hunipokea kwa swali lilelile: "Fundi, nitie dawa gani matumbawe yangu yakue?" Nami humuuliza: maji umeyapima lini? Mara nyingi hayajapimwa. Chupa ya kalsiamu, hata hivyo, iko kabatini na imeshafika nusu.

Jambo hili linanikera. Tumbawe ni mnyama, na mifupa yake huijenga kwa kalsiamu na kabonati anazozitoa majini. Baharini hapungukiwi: kila lita ina takriban miligramu 410 za kalsiamu, na mkondo humletea maji mapya saa zote. Ndani ya tangi la lita 300, anachokichukua hakirudi mpaka wewe ukirudishe. Isitoshe, matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa husimamiwa ili wasije wakaangamia. Kumweka kiumbe wa namna hiyo ukumbini awapendezeshe wageni, kisha ukabahatisha kile anachojengea mwili wake, ni kumdhulumu.

Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Unavuta mililita chache za maji ya tangi kwa sirinji, unatia kemikali inayopandisha pH ili magnesi ijitenge isivuruge hesabu, kisha unga wa rangi, na maji yanakuwa ya waridi. Hapo unadondosha kemikali ya tatu, tone baada ya tone, huku ukikitikisa kichupa, mpaka rangi igeuke kuwa buluu. Kiasi ulichodondosha ndicho kinachokupa jibu. Simama penye mwanga mweupe na usiwe na haraka mwishoni, kwa sababu waridi hupitia zambarau kabla ya kufika buluu, na wengi huishia hapo kwenye zambarau. Wanasoma kalsiamu pungufu kuliko iliyomo, wanaongeza isiyohitajika. Ukipata kati ya 400 na 450, weka chupa chini.

Ukipata chini ya hapo, pima chumvi kwanza. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo ndiyo yenye kalsiamu ya 410. Chumvi ikishuka hadi gramu 31, kalsiamu nayo hushuka hadi kama 365, na magnesi huifuata. Tangi la namna hiyo linahitaji chumvi, na kulitilia kalsiamu peke yake ni kulivuruga zaidi.

Ila kinachoua matumbawe mengi ninayoyaona ni kuitazama kalsiamu peke yake na kuisahau alkali, yaani ile akiba ya kabonati na baikabonati. Tumbawe huvichukua viwili hivi kwa uwiano mmoja: alkali ikishuka digrii moja, kalsiamu hushuka takriban miligramu 7 tu. Chukua tangi ambalo alkali yake imetoka digrii 8 hadi 6, chini ya ile ya baharini ambayo ni karibu 7. Kalsiamu yake itakuwa imetoka 420 hadi 406. Vipimo vyetu vya matone huweza kukosea kwa miligramu 10 au 15, kwa hiyo mwenye tangi haoni mabadiliko yoyote. Ataniambia kalsiamu iko sawa, naye hasemi uongo, lakini matumbawe yamedumaa. Mimi alkali huipima kila wiki, na katika tangi lenye matumbawe mengi hata kila siku mbili. Kalsiamu inaweza kungoja wiki mbili, magnesi mwezi. Nayo isiachwe ishuke mbali na 1,300, kwani ndiyo inayozuia kalsiamu na kabonati zisigande na kutua kwenye pampu.

Ukishajua upungufu, njia za kuurudisha zipo. Sisi wa pwani tuna bahati: tangi lenye matumbawe machache hutosheka na maji mapya ya bahari, yaliyochotwa mbali na mitaro ya mji. Kwa lenye matumbawe mengi kuna maji ya chokaa, njia iliyoenezwa na Mjerumani Peter Wilkens katika miaka ya 1970, nami naipenda kwa kuwa huleta kalsiamu na alkali kwa uwiano uleule anaoutumia tumbawe. Kuta za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, hivyo chokaa si ngeni kwetu. Lakini ya kupaka nyumba usiithubutu, hujui kilichochanganywa humo. Tumia iliyo safi, idondoshwe polepole usiku pH ya tangi inapokuwa chini, na ulinde macho yako, kwani pH ya maji hayo hupita 12.

Ninachowaomba wenye hoteli na ofisi ni daftari kando ya tangi: tarehe, chumvi, alkali, kalsiamu. Lisipokuwepo, wafuge samaki tu. Na wauzaji wenzangu, mteja asiye na kifaa cha kupimia tusimuuzie tumbawe, hata akiwa na fedha mkononi.