Kamera isubiri: barua kwa ndugu zangu wa Kilwa

Ndugu zangu wa Songo Mnara na Kilwa Masoko,

Nasikia mnaandaa kozi ya mtandaoni ya historia ya mwambao kwa wanafunzi wa vyuo, na cha kwanza mnatafuta mpiga picha za video. Kamera isubiri. Huku Leicester kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuandaa kozi, na mhadhara wa saa mbili uliorekodiwa naujua: mwanafunzi anaufungua, anauacha unasema peke yake, bando linateketea.

Anzeni na kazi atakayoifanya mwanafunzi. Wachimbuaji walifukua Songo Mnara hazina ya sarafu za shaba za Kilwa, zaidi ya 300 mahali pamoja. Sarafu za Kilwa zina Kiarabu pande zote mbili: huku jina la sultani, huku maneno ya kumtegemea Mungu, na katika nyingi pande hizo mbili zina vina vinavyolingana. Basi mpeni picha ya upande mmoja tu, kubwa, hata palipolika paonekane. Akisie upande wa pili unaishia kwa sauti gani, aandike kwa nini, ndipo mfungue jibu. Picha moja haimalizi bando.

Kumpa mwanafunzi kazi ya mkononi si jambo jipya. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971, kilisifika kwa vipindi vya BBC. Wanafunzi wa sayansi, lakini, walipelekewa nyumbani hata vifaa vya majaribio. Chuo Kikuu Huria chetu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina wanafunzi wengi wenye ajira na watoto. Pimeni kozi yenu kwa mmoja wao, saa nne usiku, simu mkononi.

Kingine kinaniudhi. Kwenye filamu za magofu wataalamu ndio wasemaji, mtu wa kisiwani anaonekana akisukuma mashua. Songo Mnara ilitoka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014, na chokaa ya mafundi wa kijijini imo kwenye kuta zilizokarabatiwa. Wiki moja iwe ya fundi: picha ya ukuta uliopasuka, mwanafunzi aseme angeanzia wapi, fundi amjibu kwa sauti, dakika tatu.

Na wa kujibu maswali kila wiki, mmeshampangia posho? Kozi nyingi nimeziona zikifia hapo, zikiwa na video nzuri kabisa.

Nitumieni wiki ya kwanza peke yake. Nitaisoma kwa simu, ndani ya basi.

Wenu wa Leicester