Bibi Harusi, Usivae Ndara Bafuni: Itazame Hita Yako



Leo nina ukali kidogo, mtanisamehe. Nimechoka kuona mabibi harusi wetu wanavuka bahari kwenda Kariakoo kununua vitu vya nyumba, wanazunguka Mtaa wa Kongo kutwa nzima kutafuta rangi ya pazia, kisha hita ya bafuni wanaichagua kwa dakika mbili. Wanatazama nini? Bei, na kama inaendana na vigae!

Niliwahi kulala kwa jamaa zangu Ilala. Alfajiri nikaingia kukoga, nikashika bomba, mkono ukanisisimka kama nimeumwa na siafu. Nikatoka mbio. Mwenyeji wangu akacheka: "Ah, dada, ndivyo ilivyo hiyo. Wewe vaa ndara tu."

Vaa ndara! Josho la faradhi linataka maji yaenee mwili mzima mpaka nyayoni, na wewe umepanda juu ya ndara kwa kuyaogopa maji yako mwenyewe? Shoga yangu, hiyo si kawaida. Huo ni umeme unaovuja, unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyo karibu ni wewe.

Hita hizi za papo kwa papo hazina tangi. Maji yanapita kwenye koili yenye umeme, yanapata moto hapo hapo na kukumwagikia kichwani. Nyingi zina wati 5,500. Kwa umeme wetu wa volti 230, hizo ni kama ampia 24, wakati soketi ya ukutani ni ya ampia 13. Hita haitaki kuungwa kwenye waya wa soketi. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali. Inataka waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, uliofika kweli kwenye chuma kilichochimbiwa chini. Na inataka swichi ya usalama, RCD ya miliampia 30, inayokata umeme mara tu unapovuja.

Utasikia, "Basi nitanunua ya bei kubwa." Hapo ndipo tunapojidanganya. Hita ghali isiyo na waya wa ardhi ni hatari ile ile kwenye boksi zuri. Pesa ya kwanza ni ya waya na fundi mwenye leseni, ya pili ndiyo ya hita. Sisi tunafanya kinyume: tunamaliza fedha dukani, halafu tunamwita kijana wa mtaani aunge kwa elfu kumi na chai.

Jambo jingine ni maji. Visima vingi vya Dar, kama vya kwetu Unguja, vina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, na koili huila haraka. Zipo hita za maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Muulize muuzaji, na usome boksi mwenyewe. Tazama pia tangi la nyumba: likikaa chini sana, maji hayana nguvu na hita haiwaki kabisa.

Na LUKU je? Watu wawili wakikoga dakika kumi kila mmoja, mara moja kwa siku, hita ya wati 5,500 inakula kama yuniti 55 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO anatakiwa asizidi yuniti 75. Bado friji, pasi na feni. Kwa hiyo weka kwenye moto mdogo. Dar hii si Makambako.

Wengine wananiambia, "Mambo ya umeme ni ya mume." Sawa, alipe yeye. Lakini nani atakoga josho la hedhi na la nifasi? Nani atakayekandwa na maji ya moto siku arobaini? Nani atamkogesha mtoto? Mwili ni wako, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe kwenye maangamizo. Kwa hiyo uliza. Kama mnapanga, uliza kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, maana ukishalipa mwenye nyumba hapokei simu.

Na kama nyumba haina waya wa ardhi, acha hita. Chemsha maji kwenye gesi, changanya kwenye ndoo, chukua kata yako ukoge. Si umaskini huo. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akikoga kwa kiasi cha pishi moja ya maji, na hakuna aliyekuwa msafi kumshinda. Aibu iko kwenye kumpeleka mwali bafuni kwenye maji yanayouma, ukamwambia avae ndara.

Leo ukifika nyumbani, mwite fundi mwenye kipimo, akuonyeshe kwa macho yako waya wa ardhi unapoishia. Akikwambia "hauna haja", mpe nauli yake aende zake.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na awahifadhi mabibi harusi wetu. Amin.