Walioipa Rose Bowl sifa ndio walioachwa mataani

WAKENYA wengi hawaifuati kandanda ya Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Washington State si kigeni kwa wapenzi wa riadha nchini. Ndiko alikosomea Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, na Samson Kimobwa, aliyeweka rekodi ya mita 10,000 mwaka 1977.

Chuo hicho hicho kina sehemu kubwa katika historia ya Rose Bowl, mechi kongwe zaidi ya baada ya msimu katika kandanda ya vyuo vya Marekani, ambayo huchezwa Pasadena, California, kila Mwaka Mpya.

Tangu mwanzo lengo lilikuwa pesa. Waandalizi wa gwaride la maua mjini humo walitaka burudani ya kuvutia wageni, na mwaka 1902 wakaialika Michigan kupambana na Stanford. Michigan waliongoza 49-0 na Stanford wakaomba mechi ikomeshwe kabla ya wakati. Aibu hiyo iliwafanya waandalizi kuiacha kandanda na kugeukia, miongoni mwa mambo mengine, mashindano ya vigari vya kuvutwa na farasi!

Ni mwaka 1916 ambapo mchezo huo ulirejea. Washington State waliwalaza Brown 14-0, na tangu siku hiyo mechi haijakosa kuchezwa mwaka hata mmoja.

Hata vita havikuizuia. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, mikusanyiko mikubwa katika pwani ya Pasifiki ilipigwa marufuku, na mechi ya 1942 ikahamishiwa Durham, North Carolina, nyumbani kwa Duke. Oregon State walivuka nchi nzima na kuwazima wenyeji 20-16. Mchezaji wao mmoja mwenye asili ya Kijapani alizuiwa kusafiri na wenzake.

Kuanzia mwaka 1947, mkataba uliwakutanisha bingwa wa ligi ya Pwani ya Magharibi, iliyokuja kuitwa Pac-12, na bingwa wa Big Ten kutoka majimbo ya kati. Mkataba huo ulianza kulegea miaka ya 2000, lakini kilichoumaliza ni televisheni. Mwaka 2022, Big Ten walipata kandarasi ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. USC na UCLA walikuwa tayari wametangaza kuhamia huko, na wengine wakafuata. Kufikia Agosti 2024, vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimeondoka.

Waliobaki walikuwa wawili tu: Washington State na Oregon State. Washindi wa 1916 na 1942! Hawakufukuzwa kwa kukosa historia. Wako katika miji midogo isiyo na watazamaji wengi wa kuuziwa matangazo. Januari 1, 2025, Ohio State waliwacharaza Oregon 41-21 katika Rose Bowl, na timu zote mbili zilikuwa za Big Ten.

Wachezaji nao wamepata haki yao. Juni 2025, mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Binafsi naona malipo hayo yalichelewa mno, kwani jasho lao lilikuwa limewatajirisha wengine kwa zaidi ya karne. Swali ni nani atakayebeba gharama katika vyuo vilivyopoteza mapato ya ligi.

Washington State walitoa jibu mwezi huo huo. Walitangaza kufuta michezo ya kuruka na kurusha, wakapunguza mbio fupi na za viunzi. Waliyoamua kuyapa kipaumbele ni mashindano ya masafa marefu, yale yale ya Rono na Kimobwa.