Dhamana ya Pikipiki na Lugha Yake

Anunuapo pikipiki mpya, mwalimu wa Migori au Homa Bay hukabiliwa na swali: aihudumie mwenyewe au airudishe kwa wakala? Kumwaga oili ya kwanza, yenye chembechembe za chuma kutoka injini changa, na kukaza mnyororo ni kazi za mtu yeyote makini. Kurekebisha vali ni kazi ya fundi stadi. Hata hivyo, masharti ya dhamana mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pia. Asiyeelewa masharti haamui, huamuliwa. Wauzaji na watoe vijitabu kwa Kiswahili. Nasi tuvisome, tutunze risiti, ndipo tushike spana.