Anayetaka kurembesha watu na aanze na ngozi, si poda

Mwezi wa Desemba mpwa wangu, binti wa kaka yangu, alinijia akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na alitaka nimlipie karo ya mafunzo ya urembo. Karatasi ile ilikuwa na picha ya msichana aliyepakwa wanja na rangi ya mdomo akapendeza kwelikweli, na chini yake iliandikwa: siku 14, cheti, na seti ya brashi bila malipo. Nilimwonyesha doa jeusi lililo karibu na sikio langu nikamuuliza kama baada ya siku hizo 14 angeweza kunieleza limetokana na nini.

"Shangazi, hilo si doa tu? Tutalifunika," akanijibu.

Doa hilo, mpendwa msomaji, nililipata miaka sita iliyopita, siku tatu kabla ya arusi ya rafiki yangu. Saluni yenyewe sitaitaja. Dada aliyenihudumia alikuwa hodari wa kupaka poda, hilo simnyimi. Lakini siku hiyo alinipaka dawa ya asidi ya kuambua ngozi, bila kuniuliza ninatumia mafuta gani usoni na bila kunijaribisha kwanza mahali padogo. Ilipoanza kuniwasha aliniambia nivumilie, kwamba huko ndiko kufanya kazi kwake. Nilivumilia. Jioni shavu lilikuwa limevimba, na baada ya wiki mbili palibaki weusi ambao hadi leo haujaisha.

Ngozi nyeusi ina tabia yake. Ikiungua, ikikwaruzwa au ikitoka chunusi, hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, na alama inayobaki yaweza kukaa miezi au miaka. Wengine hupata makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda chenyewe. Isitoshe, wekundu ambao vitabu vingi vya ng'ambo humfundisha mwanafunzi autazame kama onyo, kwenye ngozi yetu mara nyingi hauonekani kama wekundu. Huonekana kama weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Fundi ambaye hakufunzwa hili atamwunguza mteja huku akimtazama.

Dada yule simlaumu peke yake. Alifunzwa kupaka na akajua kupaka, bali hakufunzwa kile anachokipaka. Maoni yangu ni kwamba kupodoa ndiyo sehemu ya mwisho ya kazi hii, na anayewauzia vijana wetu sehemu hiyo peke yake anawauzia nusu ya ufundi kwa bei ya ufundi mzima.

Chukua mfano wa brashi ya maskara. Ikipitishwa kwenye kope za bi arusi, halafu za wasimamizi wake sita, halafu za mama mkwe, mmoja wao akiwa na macho mekundu yenye tongotongo, wote wanaweza kurudi nyumbani na ugonjwa huo. Fundi aliyefunzwa hutumia vijiti vya kutupwa, kimoja kwa kila mteja, na hakirudishi ndani ya chupa. Rangi ya mdomo huikwangua kwa kijiko kidogo na kuiweka kwenye kibao, asiigusishe midomo ya watu, kwa sababu vile vipele vya maji vya mdomoni huambukiza. Akiona choa usoni mwa mteja hampaki kitu, humwelekeza zahanati. Kujua ni nani usimguse leo ni somo kubwa kuliko kuchanganya rangi, na halifundishiki kwa siku 14.

Kuna na damu. Kutinda nyusi kwa uzi au kwa wembe, kung'oa nywele kwa nta, kukamua chunusi, zote hizi zaweza kutoa tone usilolitambua. Virusi vya ugonjwa wa ini aina ya B vinaweza kuishi juu ya kifaa kilichokauka kwa siku saba au zaidi. Hapa Kenya watoto walianza kupewa chanjo yake katika mpango wa kawaida mwaka 2001, kwa hivyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga, labda awe aliitafuta mwenyewe. Mwanafunzi wa kazi hii aikamilishe chanjo hiyo kabla hajamshika mteja wa kwanza. Vyombo vya chuma visuguliwe kwanza kwa sabuni, kisha viingizwe katika mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kile kisanduku chenye taa ya buluu kinachopendeza machoni pa wateja hakitoshi, maana mwangaza huo hugusa upande unaoangaliwa nao tu, na chombo chenye uchafu huukinga.

Wasomaji wa Pwani watanisamehe nikiwagusa. Somo anayemwandaa bi arusi Mombasa au Lamu hakujifunza singo na liwa kwa wiki mbili. Alikaa miaka kando ya mwanamke aliyemzidi umri, akaona ni ngozi gani inakubali nini. Huo nauita mafunzo, hata kama hauna cheti. Lakini siku hizi pamoja na hina ya majani, inayotoa rangi ya kahawia iliyoiva, michoro hutiwa piko, ambayo ni rangi ya nywele, ili iwe nyeusi tititi. Piko ina kemikali iitwayo PPD. Kwa wengine haifanyi lolote. Kwa wengine, siku chache baadaye ua lililochorwa mkononi huinuka likawa malengelenge yenye umbo lilelile la ua. Na mwili ukishaikataa kemikali hiyo mara moja huikataa maisha, hivi kwamba miaka ijayo mama huyo akipaka rangi ya nywele huenda akavimba uso mzima. Ndiyo maana fundi anayejua humjaribisha mteja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko saa 48 kabla ya kutumia rangi yoyote ya nywele au ya kope, na hiyo iliyotengenezwa kwa nywele haipaki juu ya ngozi kamwe.

Halafu kuna ombi ambalo kila fundi hulipata: "Nifanye niwe mweupe kidogo." Hapa ndipo anapojulikana aliyesoma. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na Afrika Kusini iliikataza haidrokwinoni tangu 1990 baada ya kuona nyuso za wanawake wake zikigeuka. Kwa maana ikitumiwa kwa muda mrefu, krimu hiyo humgeukia mwenyewe ikaacha weusi wenye ubuluu mashavuni usiotoka. Zebaki hudhuru figo. Krimu za steroidi, ambazo ni dawa za hospitali, huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya vitunguu. Bado utaziona zikiuzwa, nyingine bila hata maandishi ya viungo vyake. Fundi asiyejua kusoma viungo hivyo atazipaka kwa nia njema kabisa.

Je, sheria inasemaje? Huko Marekani, mathalan jimbo la California, anayetaka leseni ya kuhudumia ngozi husoma saa 600 na kufanya mtihani wa bodi ya serikali. Hapa kwetu saluni huhitaji kibali cha biashara cha kaunti, lakini kibali hicho hakikuulizi kama unaijua ngozi. Tulicho nacho ni mitihani ya ufundi ya NITA, inayoanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza, pamoja na kozi za vyuo. Chini ya sheria ya mwaka 2013 chuo cha ufundi hakiruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa na TVETA. Naziomba kaunti zisitoe kibali cha saluni inayogusa uso wa mtu mpaka angalau fundi mmoja aonyeshe cheti cha mtihani wa serikali.

Wako watakaosema nawafungia mlango wasichana maskini. La hasha. Anayejifunza kwa kukaa saluni na fundi mzuri anaweza kwenda kufanya mtihani wa gredi ya tatu kama mwingine yeyote. Anayemfungia mlango ni yule anayechukua pesa zilizotokana na mbuzi wa nyanya yake akampa cheti ambacho hakuna mwajiri wa maana atakayekitazama mara mbili.

Basi kabla hujalipa, nenda mwenyewe ukaone. Uliza nambari ya usajili ya chuo. Uliza mtihani wa mwisho hutungwa na nani, chuo chenyewe au serikali. Omba uonyeshwe vyombo vinavyosafishiwa, na usikubali kuambiwa viko chumba kingine. Uliza mwanafunzi hushika wateja wangapi wa kweli kabla ya kumaliza, na ni wangapi wenye ngozi kama yako. Ukiona mwalimu anakasirika, umeshajibiwa.

Mpwa wangu hakufurahi. Alinuna hadi mwaka mpya. Mwishowe tulizunguka vyuo vinne, akaingia katika kozi ya mwaka mmoja, nami ninalipa kwa vipande. Muhula wa kwanza hakugusa poda hata siku moja, akanipigia simu kulalamika kwamba anasomeshwa mambo ya daktari. Alipokuja likizo ya Aprili alifungua mkoba wangu bila kuniomba ruhusa, akaitoa maskara yangu, akaninusisha, akaniuliza niliifungua lini. Nilimwambia ni kabla ya Krismasi.

"Miezi mitatu ikipita ni ya kutupa, Shangazi," akasema, na kuitia kwenye pipa la taka.