Kule moto ndiye adui
Nilifika kambi moja ya wafanyakazi wa Shamba la Miti Sao Hill, Mufindi, mwezi wa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nyumba zimepangwa mstari, nyuma ya kila moja bustani ya kabichi, kisha misindano tupu. Mama mwenyeji alinipokea kwa "Kamwene!" na kunisogezea jiko la mkaa hata sijakaa. Mumewe, mgema utomvu, viganja vilikuwa vinanata. Sabuni haifui dafu, alisema, mpaka mafuta ya taa. Ndugu zangu mnaokwenda kupiga picha kwenye misindano hiyo, kiangazi zimeni sigara kabisa. Kipisi kimoja kinateketeza miti iliyotunzwa zaidi ya miaka 15.